Mnofu si tatizo, tatizo ni figo

Ng'ombe akilishwa karibu na mgodi wa risasi (ile metali nzito, lead), sumu haisambai sawasawa mwilini. Kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, hukimbilia figo na maini. Risasi hujikusanya kwenye mifupa na humo humo kwenye figo na maini. Mnofu hupata kidogo sana. Umoja wa Ulaya wenyewe huruhusu miligramu 0.05 za kadimiamu kwa kilo ya nyama ya ng'ombe, lakini 0.5 kwa maini na 1 kwa figo.

Chukua Kabwe, Zambia, ambako mgodi wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994 ukiacha malundo ya mabaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta risasi na kadimiamu kwenye maini na figo za ng'ombe wa huko kwa kiwango kikubwa kuliko wa maeneo mengine ya nchi hiyo. Wapo watakaosema ng'ombe wa sehemu kama hizo wasiliwe kabisa, na hoja yao haipuuziki. Mkaguzi wa nyama machinjioni ana macho na kisu tu. Anapasua ini kutafuta minyoo, anachanja misuli ya taya kutafuta tegu, kisha anagonga muhuri. Kadimiamu haina uvimbe wala harufu. Moto wa kutosha huua tegu, ila metali hubaki vile vile ndani ya supu, na kadimiamu ikishaingia kwenye figo za binadamu, huchukua miaka 10 hadi 30 kupungua kwa nusu tu.

Lakini marufuku ya jumla ingemwadhibu mfugaji kwa kosa la mwenye mgodi. Tena kadimiamu nyingi tunayokula huletwa na nafaka na mboga, na watoto wa Kabwe wanadhurika zaidi na vumbi la nje ya nyumba zao. Serikali inayokamata ng'ombe na kuacha malundo yale yakipeperuka haijafanya lolote.

Mimi navutiwa na walichofanya New Zealand. Huko kadimiamu ilitokana na mbolea ya fosfeti, nyingi yake ikichimbwa Nauru, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki. Hawakuteketeza mifugo. Kwa kuwa metali hii huongezeka kadiri mnyama anavyozeeka, waliamua figo za wanyama wa zaidi ya miezi 30 zitupwe, nyama iuzwe. Umri huo hauhitaji maabara: fungua mdomo, ukikuta zaidi ya meno mawili ya kudumu mbele, figo zinaondoka.

Tofauti ni kwamba kwetu ng'ombe wengi huchinjwa wakiwa wamezeeka, na figo na maini ndivyo vinavyonunuliwa na asiyemudu steki. Mama mjamzito huambiwa ale maini aongeze damu, ushauri wenye sababu yake ingawa si kila mahali unakubaliwa. Kwa hiyo ningeanza na figo peke yake, na kwa ng'ombe wa kuzunguka migodi na viwanda vya kuyeyusha metali tu, mchinjaji akilipwa fidia ya figo anazonyang'anywa. Hata hivyo, kanuni hiyo haitamfikia ng'ombe anayechinjwa uani siku ya harusi, ambaye hakuna mkaguzi anayemfungua mdomo.