Kwenye laptopu inafunguka, kwenye simu ng'o!

Jamani, hizi seva za nyumbani, yaani laptopu yako kuigeuza mtoa kurasa za wavuti, zitatutoa roho! Kwenye laptopu unaandika 127.0.0.1, ukurasa huo, safi. Unampa mwenzio wa Wete anwani hiyohiyo, anakwambia hakuna kitu. Kitakuwepo vipi? 127.0.0.1 ni kila mashine kujiita yenyewe!

Haya, umepata anwani ya ndani, ya laptopu kwenye mtandao wa nyumbani, 192.168.1.23. Simu iko waifai ileile, inazunguka weee mpaka chai inapoa. Ikizunguka hivyo, mshike faiwoli, yule mlinzi wa mtandao ndani ya laptopu: Windows imeuona mtandao wa nyumbani ikauita wa umma, poti 80, mlango wa kurasa za wavuti, ikafungwa kimyakimya. Fungua poti hiyo tu, usizime faiwoli nzima! Ikikataa papo hapo, basi huenda seva inasikiliza 127.0.0.1 peke yake badala ya 0.0.0.0, yaani anwani zote za laptopu.

Inafunguka, unashangilia. Umeme unakatika Michenzani nzima, unarudi, ruta imegawa anwani upya: sasa wewe ni 192.168.1.31. Ala! Kwani ingeumwa wapi kukuwekea ileile? Ingia kwenye ruta, sehemu ya DHCP inayogawa anwani, ifungie anwani hiyo MAC ya laptopu, yaani namba ya kadi yake ya mtandao.

Na nyinyi wa modemu za laini ya simu, mnaokesha kufungua poti ili Wete waone: anwani ya nje, ile inayoonekana kwenye intaneti, mara nyingi mnachangia na wateja kibao wa kampuni ya simu. Mnafungua poti ya nani?