Kutengeneza makava ya albamu: ni kazi ya kumweka kijana mjini?

Ukipita Mwanjelwa au Kabwe, jijini Mbeya, kwenye vyumba vidogo vinavyochapa kadi za harusi na mabango, utawakuta vijana wanaotengeneza makava ya nyimbo. Kwaya imetoka studio, au msanii wa Bongo Fleva anaachia wimbo Ijumaa, na kava linatakiwa jioni hiyo hiyo. Mzazi anayemwona mwanawe akikesha kwenye kompyuta ana haki ya kuuliza kama hii ni kazi.

Wanaoitetea humtaja Storm Thorgerson. Mwingereza huyo na mwenzake Aubrey Powell walianzisha studio ya kubuni makava, Hipgnosis, jijini London mwaka 1968, wakaanza na kava la Pink Floyd, kisha wakafanya ya Led Zeppelin na bendi nyingine kubwa za roki. Ile pembetatu inayogawa mwanga kuwa rangi za upinde wa mvua, ya kava la Pink Floyd la mwaka 1973, iliyochorwa na George Hardie kwa ajili yao, mpaka leo unaikuta kwenye fulana za mitumba, imevaliwa na mtu asiyeijua hata bendi yenyewe. Mwaka 1987 Thorgerson alipanga vitanda vya hospitali vipatavyo 700 kwenye ufukwe wa Devon ili apate picha moja ya kava. Mvua ikaharibu kazi, ikabidi vitanda virudishwe ufukweni siku nyingine. Vilikuwa vitanda vya kweli, vyote.

Wanaopinga wanajibu kwamba hayo yalikuwa ya enzi za santuri. Jalada la santuri lilikuwa na upana wa sentimita 31 hivi, mtu analishika na kulitazama huku muziki unacheza. CD ikalipunguza hadi sentimita 12. Leo kwenye simu kava ni dogo kama ukucha, na hakuna atakayelipia vitanda 700 kwa ajili ya ukucha. Hapa nakubaliana nao. Hipgnosis yenyewe ilifungwa mwaka 1983, na wenyewe wakahamia kwenye filamu za muziki. Sasa zimeongezeka programu za akili bandia zinazotoa picha kwa dakika moja.

Ila kwetu, kinachowaumiza vijana zaidi ni namna wanavyopatana bei. Hipgnosis hawakuwa na bei maalumu: walimwambia mteja alipe anachoona kazi inastahili, na Thorgerson alisema utaratibu huo uliwageuka mara chache tu. Dizaina wa Mwanjelwa naye anasema, "Wewe nipe chochote, kaka." Tofauti ni kwamba nyuma ya zile bendi zilisimama kampuni za kurekodi zenye fedha. Kwaya ya mtaa imechangishana fedha za studio kwa miezi, na kava linakuja mwisho kabisa. Mwenyekiti wa kwaya akiachiwa apange bei, atapanga kwa kilichobaki kwenye mfuko, wala hana ubaya. Bei itajwe mwanzoni, na nusu ilipwe kabla kazi haijaanza.

Mfano unaotufaa kuliko Thorgerson, kwa maoni yangu, ni mchoraji Mwingereza Roger Dean. Mwaka 1971 alilichorea kava la albamu ya kwanza kundi la Osibisa, lililoundwa London na wanamuziki kutoka Afrika Magharibi na Karibiani. Akachora tembo warukao kwa mabawa ya wadudu. Makava ya bendi ya Yes yakampa jina kubwa zaidi, lakini michoro yake haikuishia kwenye majalada. Ilichapwa kuwa mabango ya ukutani, na mwaka 1975 ikatoka katika kitabu. Aliishi kwa picha, na kava lilikuwa mlango wake mmoja tu. Ulinzi wa sheria una mipaka, naye aliiona: mwaka 2013 alimshtaki James Cameron kuhusu mandhari ya filamu ya Avatar, na mwaka uliofuata mahakama ya New York ikaitupa kesi. Hapa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda michoro na picha. Lakini dizaina anayemkabidhi mteja faili zima bila karatasi yoyote ya makubaliano atapata shida kuitumia sheria hiyo siku ya ugomvi.

Kuna jambo jingine linaniuma. Picha za kava la Led Zeppelin la mwaka 1973 zilipigwa kwenye mawe ya Giant's Causeway, Ireland ya Kaskazini. Sisi tuna nguzo za Isimila pale Iringa, Ziwa Ngozi, na maua ya Kitulo, halafu kava la kwaya ya Tukuyu linawekewa maporomoko ya ughaibuni yaliyookotwa kwenye intaneti. Najua mara nyingi mteja ndiye anayeyataka. Hata hivyo, picha ya Isimila uliyoipiga mwenyewe ni mali yako, na unaweza kuiuza tena kwa kalenda au kwa hoteli. Hayo maporomoko huwezi kumuuzia mtu.

Kwa hiyo mzazi wa Uyole akiniuliza, sitamwambia amkataze mwanawe. Nitamwambia makava peke yake hayatamlipia kodi ya chumba. Lakini mchele wa Kyela, parachichi za Rungwe na kahawa ya Mbozi vinahitaji vifungashio vyenye sura, na wauzaji wake wanajua kwamba mfuko mbaya unabaki dukani. Kijana aliyezoea kuusikiliza wimbo mzima kabla ya kuchagua rangi moja anaweza kwenda kwao na kazi zake mkononi.