Kama Haimhusu, Mbona Amejishuku?

Mama mkubwa wangu huhesabu pesa mara tatu. Mara ya kwanza kwa macho, ya pili kwa midomo, ya tatu akiwa amewapa watu mgongo. Miaka michache iliyopita nilimpa tabia hiyo muuza vitumbua katika hadithi yangu fupi. Jina nilibadilisha, na mtaa nikauhamisha kutoka Tanga nikaupeleka Morogoro. Lakini pamoja na tabia nilibeba na deni: deni aliloachiwa na marehemu mumewe, akalilipa kidogo kidogo kwa miaka mingi, na ambalo hata wanawe hawakuwahi kulijua.

Yeye si msomaji. Alisomewa na mjukuu kwenye simu. Aliponipigia hakugomba, aliuliza tu: "Mwanangu, yale niliyokwambia jikoni yalikuwa ya kuandika?"

Nilipowasimulia wenzangu tunaoandika pamoja, wengi walicheka, na mmoja akatoa jibu ambalo kwetu liko tayari siku zote: kama haimhusu, mbona amejishuku?

Jibu hilo ni tamu, ndiyo maana linadumu. Limetoka kwenye mipasho. Fumbo hutupwa ukumbini bila jina, na atakayelalamika amejivika mwenyewe. Ila wanaolirudia husahau nusu ya pili ya mchezo. Ukumbi wa taarabu una nafasi ya kujibu. Aliyerushiwa maneno anaweza kusubiri ubeti unaomfaa, akainuka na noti yake mkononi, akaenda kutunza huku akimtazama mbaya wake usoni, na wimbo ule ule ukawa wake. Miaka ya 1990 mashabiki wa TOT na Muungano, makundi mawili hasimu ya taarabu jijini Dar es Salaam, walikuwa wakisubiri jibu la Khadija Kopa kwa Nasma Khamis, au la Nasma kwa Kopa, kama wanavyosubiri mechi ya marudiano. Zamani zaidi, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana mashairi, na kila aliyechomwa alikuwa na wino wake.

Hadithi iliyochapishwa haina ukumbi huo. Mama mkubwa angejibia wapi? Akinyamaza, yaliyoandikwa yanabaki kama yalivyo. Akisema "yule si mimi," ameshatangaza kwamba ni yeye. Na akitaka kusahihisha, aseme kwamba hili la deni ni kweli lakini lile la kumkimbia mdai usiku nimelizua mimi, amelazimika kulitoa hadharani lile alilolificha ili kulikana lile asilolitenda. Tumechukua sheria ya fumbo, tukaacha haki ya anayefumbiwa.

Upande wa waandishi naujua, kwa kuwa ndio wangu, na hoja zake si nyepesi. Aliyewahi kusahihisha hadithi za wanaoanza anawafahamu wahusika bapa tunaolishwa: mwizi mwenye macho mekundu, mama wa kambo asiye na hata siku moja ya huruma, tajiri mwenye kitambi na kicheko kikubwa. Dawa yao ni watu tunaowajua. Kezilahabi aliiweka riwaya yake ya kwanza, *Rosa Mistika* ya mwaka 1971, Namagondo huko Ukerewe, kijiji alichozaliwa mwenyewe. Ilizuiwa shuleni kwa muda, kwa sababu ilisema wazi mambo ya wasichana, wazazi na walimu ambayo wakubwa walitaka yabaki chumbani. Zakaria, yule baba mlevi anayempiga bintiye kwa ajili ya barua ya mvulana, ni mtu ambaye wasomaji wengi wameishi naye nyumba moja. Hachorwi na mwandishi anayekaa mbali na watu.

Iko na hoja nzito zaidi. Mwandishi Adam Shafi aliwekwa kizuizini Zanzibar baada ya mauaji ya Karume mwaka 1972, na riwaya yake *Haini*, iliyotoka 2003, imechotwa kwenye kisima hicho. Tukimpa kila aliyejiona ndani ya kitabu haki ya kukifuta, wa kwanza kuitumia atakuwa mwenye rungu. Hapo sina ubishi hata kidogo. Mwenye cheo ana vyombo vya habari, ana mawakili, ana polisi. Akichorwa, ukumbi wa kujibia anao, tena mkubwa kuliko wa mwandishi. Kinachonitatiza ni kwamba hoja tuliyoijenga kwa ajili ya mkubwa wa gereza tunaibeba nzima nzima hadi jikoni kwa mjane.

Kesi ninayoirudia kila mara ni ya Ujerumani. Mwaka 2003 Maxim Biller alitoa riwaya iitwayo *Esra*, kisa cha mapenzi ya mwandishi mmoja na mwanamke wa asili ya Kituruki mjini Munich. Wanawake wawili, mtu na mama yake, walikwenda mahakamani wakisema wahusika wale ni wao. Majina yalikuwa yamebadilishwa. Lakini binti wa riwayani alikuwa na tuzo ya filamu na mama yake tuzo kubwa ya kimataifa, na binti na mama wenye tuzo za namna hiyo, wa asili hiyo, katika nchi ile hawajazi kiganja. Mchapishaji akabadilisha hata majina ya tuzo. Haikusaidia. Tarehe 13 Juni 2007 Mahakama ya Katiba, kwa majaji 5 dhidi ya 3, iliuacha usimame uamuzi wa kukizuia kitabu kwa ombi la binti.

La mama yake halikufaulu hivyo, na hapa ndipo kesi inaponikalia kichwani. Mama ndiye aliyechorwa vibaya zaidi: mkali, mwenye kuwatawala wengine, chanzo cha misiba ya bintiye. Mtu angetarajia aliyetukanwa zaidi ndiye alindwe zaidi. Majaji wakaona vingine. Kuhusu mama, mwandishi alikuwa ameshafanya kazi ya riwaya, habari zake zikisimuliwa kama uvumi na maoni ya mhusika anayesimulia. Kuhusu binti, msomaji alipewa mambo ya kitandani kana kwamba yametendeka vile vile, pamoja na ugonjwa wa mtoto wake. Kanuni waliyoiweka ni hii: kadiri mhusika anavyofanana na mtu halisi, ndivyo haki ya mtu huyo inavyoumia, na kadiri jambo linavyogusa maisha yake ya ndani, ndivyo mwandishi anavyotakiwa kulisogeza mbali na ukweli.

Kwa maneno ya mtaani, kumsema mtu kwamba ana roho mbaya kuna nafuu kuliko kusema kweli aliyokunong'oneza. Nimelizungusha jambo hili sana na bado naona majaji wale walishika penyewe. Mama mkubwa hakukasirika kuchorwa bahili. Alicheka. Kilichomuuma ni deni, yaani kipande pekee cha hadithi ambacho kilikuwa kweli tupu. Na yule mtoto mgonjwa wa kwenye riwaya hakuwa na ugomvi na mwandishi yeyote. Angekua, akaenda shule, akutane na wenzake waliokwisha kuisoma hali yake.

Wapo waliosema kanuni hiyo ikifuatwa hata Goethe, gwiji wa fasihi ya Kijerumani, asingeandika *Werther* mwaka 1774, riwaya ambayo marafiki zake walijiona ndani yake bila shida. Hofu yao ina msingi. Mizani ya "kadiri" ni mizani ya mpira, inavutika kufuata mkono wa hakimu, nami nisingependa kuiona mikononi mwa kila mahakama. Mtego wa kujishuku nao haukumwacha hata mshindi: kushinda kulimtaka athibitishe mbele ya nchi nzima kwamba Esra ni yeye, na fidia ya yuro 50,000 aliyopewa na mahakama ya Munich mwaka 2008 ilifutwa baadaye kwenye rufaa.

Ndiyo maana simpeleki mtu mahakamani. Wala sioni kinga katika yale maneno ya mwanzo wa filamu kwamba wahusika wote ni wa kubuni. Yalienea baada ya Irina Yusupov, wa ukoo wa kifalme wa Urusi, kuishinda kampuni ya filamu ya MGM huko London mwaka 1934 na kulipwa pauni 25,000, kwa sababu ya mhusika wa filamu yao aliyetambulika kuwa ni yeye na ambaye aliangukia mikononi mwa Rasputin, yule mganga wa kiroho wa familia ya kifalme. Yaliandikwa kuilinda studio. Anayeandikwa hayamfuniki hata nusu.

Swali langu liko mezani kwa mwandishi, kabla ya wakili: umechukua nini kwa mtu huyu? Mwendo, kikohozi, namna ya kufunga kanga, hasira zinazoanzia puani, hivyo ni vya wote na vinaokotwa barabarani. Jambo alilokwambia kwa sababu alikuamini ni amana. Kubadilisha jina hakuigusi, kwa kuwa mtaani hatutambuani kwa majina ya kwenye vitambulisho.

Na nimekuja kugundua, kwa aibu kidogo, kwamba amana ile iliiharibu hadithi yenyewe. Mhariri aliponiuliza kwa nini muuza vitumbua alipe deni lisilo lake, nilimjibu, "Ndivyo ilivyokuwa." Hilo ni jibu la shahidi. Mwandishi anatakiwa ajue kwa nini. Kwa kuwa mtu wa kweli alikuwepo, sikujisumbua kumtafutia mhusika moyo wake mwenyewe. Nilimwegemeza kwa mama mkubwa kama baiskeli ukutani.

Niliiandika upya. Deni nililitoa. Kuhesabu mara tatu nilimpa mwanamume, fundi cherehani mzee, na safari hii ilinibidi nijue kwa nini anahesabu: utotoni, akiwa mwanafunzi wa fundi, aliwahi kutumwa kupeleka malipo, yakapungua njiani, akaitwa mwizi. Kuhusu yeye hakuna aliyeniambia lolote. Hiyo ndiyo hadithi niliyoipeleka Tanga na kumsomea mama mkubwa mwenyewe, jikoni, yeye akikuna nazi.

Alisikiliza hadi mwisho. Penye kuhesabu alitabasamu, mkono ukasita kwenye mbuzi, kisha akaendelea kukuna. Nilipomaliza alinitazama kwa lawama.

"Huyu si yule fundi wa nyuma ya msikiti? Mwache mzee wa watu, mwanangu. Ana wajukuu."

Fundi huyo sijawahi kumtia machoni.