Mafuta ya silikoni kwenye jicho: kuyaweka ni sawa, kuyatoa je?

Huu mjadala naukuta sana kwa ndugu wa wagonjwa hapa Moshi, mtu retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, imebanduka vibaya, daktari anasema itabidi tuweke mafuta ya silikoni, basi familia inagawanyika, hawa wekeni hata leo, wale hayo mafuta ndo yanaua jicho. Kiukweli wote wana hoja.

Retina ikikaa muda mrefu imeachia inaota makovu, yanaivuta na kuikunja, na watu wetu wengi wanafika wakiwa hapo tayari, maana mtu aliona kivuli pembeni akaenda duka la dawa akapewa ya matone, miezi ikapita. Sasa daktari akishatoa ute wa ndani na kubandua yale makovu lazima kitu kijaze ile nafasi, kiikandamize retina mpaka ishike, na ni gesi au mafuta. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 1992 ulionyesha mafuta yanaishinda gesi iitwayo SF6, ila kwa gesi nyingine, C3F8, hakuna tofauti kubwa. Si tuweke gesi tu basi? Shida ni milima. Gesi inatanuka ukipanda juu, Moshi mjini haifiki mita 1,000 na geti la Marangu, la kupandia Kilimanjaro, linakaribia 1,900, mtu katoka wodini kapanda Noah anarudi kwao mgombani, presha ya jicho inapanda naye njiani, anaweza kupofuka kabisa, na C3F8 inakaa hata wiki 8. Mafuta hayana hiyo, tena mgonjwa anaona kupitia humo japo kwa ukungu, kwa mwenye jicho moja hilo si jambo dogo.

Ila wanaoyaogopa nao hawajakosea. Gesi inaisha yenyewe, mafuta hayaishi, mara nyingi yanatolewa baada ya miezi 3 hadi 6 na hiyo ni operesheni nyingine, hela nyingine, na hata hapo retina inaweza kuachia tena. Unakuta mtu harudi, anaona kidogo, nauli hana, basi. Yakikaa sana yanakatika vipovu vidogo vidogo, vinaelea hadi mbele ya jicho, ukimwangalia kwa karibu unaona mstari mweupe umejipanga upande wa juu wa mboni, vinaziba njia ya maji ya jicho na presha inapanda polepole bila maumivu. Mtoto wa jicho ndo karibu lazima.

Mi kwa mgonjwa wa huku anayekaa mlimani nasimama na mafuta. Kinachoniuma ni kwamba bei ya kuyatoa haisemwi siku ile ya kuyaweka, familia inauza ng'ombe inadhani imemaliza. Isemwe mapema, tarehe iandikwe kwenye kadi, na namba ya simu ya ndugu ichukuliwe. Na kama ni jicho lake pekee na retina ilishaachia mara mbili, yaachwe humo humo, presha ipimwe kila kliniki.