Mtoto anayemeza dawa kila siku aambiwe ni za nini

Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wa Njombe wana VVU, Iringa 11.1, wakati Tanzania nzima ni 4.4. Kwa hiyo huku kwetu wapo watoto waliozaliwa na virusi, wanaomeza kidonge kila siku wakiambiwa ni cha kifua. Mama au bibi anaficha kwa huruma. Naamini huruma hiyo inawaumiza.

Mambo huharibika mtoto akifika miaka 11 au 12. Hakohoi, anacheza mpira, haoni kwa nini aendelee na "dawa ya kifua", basi anavitupa chooni kimyakimya. Dawa ikiwa kidogo mwilini, virusi huongezeka na vinaweza kuwa sugu. Kipimo cha wingi wa virusi kikizidi nakala 1,000 kwa mililita ya damu, mlezi anaitwa kliniki, na nyumbani mtoto anagombezwa kwa kosa asilolielewa. Wengine hujua wenyewe kwa kusoma kadi ya CTC, yaani kliniki ya matibabu ya VVU, wakaona wamedanganywa na mtu waliyemwamini kuliko wote.

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto wa umri wa shule, miaka 6 hadi 12, waambiwe hali yao, na wadogo zaidi waandaliwe hatua kwa hatua. Mdogo aambiwe kuna kijidudu kwenye damu na dawa inakilaza. Akifika 8 au 9, aelezwe kinga ya mwili na kwa nini dawa hairukwi. Kabla ya 12 kitajwe kwa jina: VVU. Kwanza muulize anadhani dawa ni za nini. Mara nyingi ameshahisi. Isiwe siku aliyochapwa, wala siku ya kuamkia safari ya bweni. Mlezi aseme mwenyewe, muuguzi akae karibu.

Swali linaloogopwa ni "Nilipataje?" Naona hilo ndilo linalofunga midomo, si umri wa mtoto. Mama ajibu kwa ufupi: "Uliupata kwangu, ulipokuwa tumboni, ukizaliwa au ukinyonya. Sikutaka iwe hivyo, na wewe huna kosa." Bibi anayelea mjukuu asimlaumu marehemu mama wa mtoto mbele yake. Akilia, mwache alie. Akinyamaza, usimbane, mrudishe kliniki baada ya wiki moja au mbili, maana maswali huja baadaye. Kisha mkubaliane naye nani mwingine ajue, hasa matroni atakayemtunzia dawa shuleni.