Soda isiyo na ladha wala thawabu

Jamani, mimi ni mtu mzima. Nina mke, nina watoto watatu, nina bili ya gesi. Mtu wa hadhi yangu hapaswi kusimama dukani hapa Leicester akisoma mgongo wa chupa ya soda kama anasoma hirizi. Jana nimesoma. Binti yangu ndiye aliyenituma: "Baba, angalia gramu."

Soda za Uingereza zina kodi yake tangu Aprili 2018. Sukari ikifika gramu 5 kwa mililita 100, kiwanda kilitozwa pensi 18 kwa lita. Ikifika 8, pensi 24. Juisi halisi haiguswi. Fedha tuliambiwa ni za michezo ya shule na kifungua kinywa cha wanafunzi. Mimi nani nikatae? Nikanywa kwa moyo mmoja. Kila nikibeua najiambia, hapo mtoto wa mtu kapata uji.

Sasa baba mkwe yuko hapa, katoka Tanga na koti la kuazima. Chai yake vijiko vinne, tena vya mlima. Nikammiminia soda ya machungwa. Akaonja. Akaitazama glasi, akanitazama mimi.

"Mkwe, barafu imeyeyukia humu?"

"Hapana baba, ndivyo ilivyo."

"Imekufa lini?"

Nikajikaza kueleza. Viwanda vingi vilipoona kodi inakuja vilipunguza sukari, vikatia utamu wa maabara, vikajibanza chini ya hizo gramu 5. Mzee akavua miwani.

"Kwa hiyo hii hailipi kodi."

"Hailipi, baba."

"Na watoto je?"

"Watoto gani?"

"Wa uji!"

Nikakosa jibu. Miaka yote nabeua kwa ajili ya watu, kumbe nakunywa kitu kisicho na ladha wala thawabu! Mzee akasema haiwezekani, aletewe ile yenye kodi kamili, atawanywea hao watoto mpaka siku ya ndege. Nikamtajia bei. Akanyamaza. Akaomba bakuli la sukari.

Ningeweza kumzuia. Lakini baba mkwe unamzuiaje? Kijiko kimoja tu: soda ikaumuka kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni, ikamwagika mezani, ikapita kwenye kanzu, ikatua zuliani. Kitinda mimba akapiga makofi. Mama watoto akanikazia macho mimi, si babake.

Na zulia si letu. Ni la mwenye nyumba, na Alhamisi anakuja kukagua. Ule ukungu wa ukutani niliomwandikia tangu Novemba hajawahi kuuona, eti macho yake hayafiki kule juu. Doa la machungwa ataliona akiwa bado barabarani. Nimelisogezea kochi. Sasa mlango wa sebule unafunguka nusu, na mzee ana tumbo.