Kushushwa daraja si kuumbuliwa

Tuko wachache hapa Goma tunaofuata kwa simu habari za kupanda miamba, na kila njia kubwa ya mwambani ikishushwa daraja, yaani namba yake ya ugumu ikipunguzwa, maneno yanakuwa yale yale: jamaa alidanganya, alitaka jina na pesa za wadhamini. Mimi naona tunawaonea hawa wanaofungua njia, yaani wanaoimaliza mara ya kwanza.

Hoja ya upande ule naielewa kabisa. Daraja ni kipimo cha wote, kila mama wa soko la Virunga akija na kopo lake la maharagwe bei haina maana tena. Mwaka 2020 mpandaji Alex Megos alimaliza njia iitwayo Bibliographie kule Céüse, Ufaransa, akasema ni 9c (ngazi za juu zinapanda hivi: 9a, 9a+, 9b, 9b+, 9c), namba ambayo mpaka hapo ilikuwa ya Silence, njia ya Adam Ondra, peke yake, mwaka uliofuata Stefano Ghisolfi akaipanda akasema hii ni 9b+, na Megos mwenyewe akakubali. Sawa, ndivyo inavyotakiwa kwenda.

Lakini kumbukeni lava ya volkano ya Nyiragongo ya Mei 2021 ilipokata barabara ya Rutshuru. Waliopita wa kwanza walikuwa wanajaribu kila hatua, hawajui wapi panabeba mguu na wapi panavunjika, baadaye watu wakapita na mizigo, kwa sababu njia ilishaonekana. Wa pili kwenye mwamba ni hivyo, anakuta alama za poda ambayo wapandaji hupaka mikononi, ameshaangalia video, na anajua hakika kwamba kuna binadamu alifika juu, na hilo mimi naliona zito kuliko yote. Anayefungua hana wa kumuuliza, anapima kwa jasho lake tu.

Kinachoniuma zaidi ni njia iitwayo Akira. Mwaka 1995 Fred Rouhling alimaliza paa la pango huko Charente, Ufaransa, akasema ni 9b, wakati njia iliyojulikana kwa ugumu ilikuwa Action Directe ya Wolfgang Güllich ya 1991, ambayo ni 9a. Alivuka ngazi nzima, ile ya 9a+, ni kweli, na watu walikuwa na haki ya kuuliza. Ila hawakuishia kuuliza, wengine walisema hakuipanda kabisa. Miaka 25! Mtoto anazaliwa, anasoma, anaoa, na wewe bado unaitwa mwongo. Ikafika Novemba 2020, Seb Bouin na Lucien Martinez wakairudia, wakapendekeza 9a, na watu wakaona neno moja tu, imeshushwa. Jamani, 9a mwaka 1995 ilikuwa kilele cha dunia! Maana yake yule mtu alikuwa kati ya wenye nguvu kuliko wote wa wakati wake, alikosea namba, lakini kazi aliifanya.

Mimi ningetaka habari ziandike "pendekezo" kabla ya namba mpaka wengine wawili watatu wafike juu, hata kwa Silence ya 2017. Hapo Ghisolfi akisema 9b+ tunasoma kwamba njia imepimwa, na jina la Megos linabaki salama.